Mkono Chini ya Kitambaa

Walimwita Mama Kilo, naye aliitika bila kinyongo. Jina lake la ubatizo lilikuwa Florentine, lakini katika miaka ile ya hamsini, ukiuliza habari za Florentine mjini Kisangani, mji ambao Wabelgiji waliuandika Stanleyville kwenye ramani zao, watu wangekuuliza: Florentine yupi? Ukisema Mama Kilo, hata muuza samaki angekuelekeza kwa kidole, na angekuambia kama amekwisha kupita asubuhi hiyo au bado.

Alikuwa mdogo wa nyanya yangu, na nyumbani tulimwita Koko. Habari hizi nilizisikia kwake mwenyewe, kwa vipande, kwa sababu Koko hakuweza kusimulia jambo akiwa amekaa. Alisimama, akatembea, akaonyesha kwa mikono, na chai yake ikapoa.

Alizaliwa Opala, karibu na gati ambapo meli za Mto Lomami zilipakia mpunga na mawese. Alikuja mjini akiwa msichana, akasoma kwa masista, akafundishwa kuwasaidia wakunga. Aliolewa na Léon, mpaka rangi wa meli, mtu mpole aliyecheka kwa mabega tu. Huyo Léon ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli, kwenye barabara ya vumbi nyuma ya bohari. Siku ya kwanza Koko alivamia beseni la muuza chikwanga, ile mikate ya muhogo. Siku ya pili alilivamia tena, beseni lile lile, na mwenye chikwanga akamwambia Léon, "Papa, mke wako ananitafuta mimi, ama anatafuta chikwanga?"

Baiskeli ilihitajika kwa ajili ya kazi. Zahanati yake ilikuwa na mizani kubwa ya meza ya kupimia watoto wachanga, lakini watoto wa mtaa wa Waislamu, kule karibu na maporomoko, walichelewa kuletwa. Mama zao walikuwa ndani ya arobaini, na mzazi hatoki nje mpaka siku zake arobaini zitimie. Basi ikaamuliwa mizani iwafuate. Florentine akapewa mizani ndogo ya kuning'iniza, kama ile waliyotumia wachuuzi kupimia kahawa na samaki wakavu, yenye ndoana chini na sindano usoni. Akaifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira na kuanza kuzunguka.

Mjini hapo wanawake waliopanda baiskeli walihesabika kwa vidole. Mafundi wa baiskeli walimngojea kila asubuhi penye kona.

"Mama Kilo! Leo unanunua watoto kwa bei gani?"

"Sinunui watoto, natafuta wanaume wenye uzito. Wewe nikikutundika hapa, sindano haitatikisika!"

Kona nzima ililipuka kwa kicheko, naye alikuwa amekwisha kupita, kitambaa cha kichwa kikipepea.

Upimaji wenyewe ulikuwa hivi. Alitundika mizani kwenye boriti ya juu ya mlango, akamfunga mtoto ndani ya kitambaa, akakitia kitambaa kwenye ndoana, kisha akaachia. Mtoto alibaki hewani akining'inia. Na hapo, bila kukosa, mama yake alipeleka mkono chini ya kitambaa. Hakushika, alikinga tu. Lakini mkono ukigusa kidogo, sindano inarudi nyuma, uzito unapotea, na kazi inaanza upya.

"Toa mukono!" alifoka Florentine. "Nitapima mutoto ama nitapima mukono?"

Alifoka hivyo nyumba baada ya nyumba mpaka akachoka. Ndipo akaweka sheria: wakati wa kupima, mama anaweka mikono mgongoni. Na kwa kuwa alijua sheria tupu haina nguvu, aliomba sabuni kutoka zahanati, miche ya sabuni nyeupe yenye harufu nzuri, na kumpa kila mama aliyeweza kusimama na mikono mgongoni mpaka sindano itulie. Walioipata walikuwa wachache sana. Florentine alijivunia mpango wake, akausimulia kila mahali.

Katika nyumba ya Feruzi alimkuta mama wa kwanza aliyeipata sabuni bila kuambiwa mara mbili.

Feruzi alikuwa fundi cherehani. Mashine yake ilikaa barazani, na pasi yake ya makaa ilifuka moshi tangu asubuhi. Nyumba ilikuwa ya mama yake, Bibi Aziza, mwanamke wa ukoo wa zamani wa Waungwana, Waislamu wa kwanza wa mji, mwenye sauti nene na nyumba safi kuliko zote mtaani. Mke wa Feruzi aliitwa Safi. Alikuwa ametoka Banalia, kwa watu wa Mto Aruwimi, na hapo mjini hakuwa na ndugu. Mtoto wao wa kwanza, Nyota, alikuwa bado na ngozi ya kukunjamana.

Florentine alimtundika Nyota. Nyota akalia. Safi akasimama na mikono yake mgongoni, kimya, akiutazama ukuta, na sindano ikatulia papo hapo kama saa iliyokwisha ufunguo.

"Huyu ndiye mama!" Florentine alipiga makofi. "Mama Aziza, umeona? Hii mutaa yote haina mama kama huyu!" Akampa Safi mche wa sabuni. Safi akaupokea kwa mikono miwili na kusema asante. Bibi Aziza, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakusema lolote, jambo ambalo Florentine alipaswa kulishangaa, lakini hakulishangaa.

Juma lililofuata ikawa hivyo hivyo. Mikono mgongoni, macho ukutani, sindano imetulia, mche wa pili wa sabuni.

Baada ya hapo Florentine alikwenda upande wa pili wa mji, sehemu ambayo leo ni Kabondo, kumpima mtoto wa Félicité, mke wa karani. Félicité alikuwa amejifungua kwa shida na alikuwa bado hajaweza kutembea mbali. Alikuwa mcheshi tangu utotoni.

"Mikono mugongoni," alisema Florentine.

Félicité akaiweka mgongoni. Florentine akamwachia mtoto. Mkono wa kulia wa Félicité ukachomoka na kwenda chini ya kitambaa.

"Félicité!"

"Pardon, yaya," alisema, kama mtu anayemwita dada yake mkubwa. Ukarudi mgongoni. Sindano ikaanza kutulia. Mkono ukachomoka tena.

"Unataka sabuni ama hautaki?"

"Nataka sana, yaya! Nauambia huu mukono, tulia, tunatafuta sabuni. Hausikii. Kamata wewe, uuambie mwenyewe."

Florentine alicheka. Alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akaacha kucheka, akautazama ule mkono.

Mkono wa Safi ulisikia. Ulisikia mara ya kwanza, na haukujaribu hata kidogo kutoka.

"Yaya, nini? Mutoto iko na nini?" Félicité alishtuka.

"Mutoto wako iko muzima. Chukua sabuni."

"Lakini haujapima!"

"Nitarudi!"

Alimrudishia mtoto, akabeba mizani, akasahau hata kukunja kitambaa. Koko alipofika hapa katika masimulizi alikuwa akikimbia papo hapo sebuleni, magoti juu, kutuonyesha jinsi alivyokanyaga pedali. Alipita kona ya mafundi kwa kasi hivi kwamba utani wao ulimfikia mgongoni. Hakuujibu. Jambo hilo liliwatia wasiwasi mafundi kuliko lolote ambalo angewajibu.

Zahanati ilikuwa chini ya msaidizi wa daktari aliyeitwa Évariste, kijana mwenye miwani aliyesoma miaka mingi na aliyezungumza taratibu, kama mtu anayebeba maji. Florentine alimweleza yote kwa pumzi moja: mkono wa Félicité, mkono wa Safi, ukuta, sabuni.

Évariste alivua miwani. "Mama Florentine, mukono mumoja hauwezi kuwa ugonjwa. Kuna watu watulivu. Na wewe mwenyewe ndiye ulimwambia atulie."

"Niliambia wote! Mbona yeye peke yake ameweza?"

Évariste aliivaa tena miwani. Kisha akasema kwamba shuleni walifundishwa kidogo, kidogo mno, juu ya huzuni inayomshika mwanamke baada ya kuzaa. Si uchovu wa kawaida, wala si uvivu, wala si kukosa upendo. Usingizi unakimbia hata mtoto akiwa amelala, chakula kinakosa ladha, furaha haiji, na hofu inakaa ndani bila kutajwa. Akikuta mtu wa kumsaidia mapema, mama anapona. Asipomkuta, hatari inaweza kumfikia yeye au mtoto.

"Alors, twende!" Florentine alikwisha shika mlango.

"Mimi nitaingiaje chumba cha mzazi? Bibi Aziza atanitoa na fagio. Nenda wewe. Muulize. Lakini usimwaibishe, na usiseme ugonjwa kabla hatujajua."

Barazani Feruzi alikuwa akishona kanzu, na sindano ya mashine ilikwenda ovyo ovyo. Alipomwona Florentine siku ambayo si yake, alisimamisha gurudumu kwa mkono.

"Mama Kilo, umesikia nini?"

"Sijasikia kitu. Kuna cha kusikia?"

Feruzi alitazama ndani, kisha akasema kwa sauti ya chini. Mama yake alikuwa ameamua. Karamu ya arobaini ilikuwa inakaribia, mchele ulikwisha nunuliwa. Baada ya karamu, Safi angepanda lori la bidhaa kurudi kwao Banalia, na Nyota angebaki hapa, anyonyeshwe na dada yake Feruzi ambaye naye alikuwa na mtoto mchanga.

"Mama anasema Safi ananyonyesha kama mutu anayelipa kodi. Anasema mutoto ataharibika. Na mimi…" Alishika pasi, akaiacha. "Mimi nampenda muke wangu, Mama Kilo. Lakini hata mimi haniangalii."

Florentine hakungoja zaidi. Aliingia na mizani yake kama kwamba ni siku ya kupima.

Chumba cha mzazi kilikuwa na joto na harufu ya majani ya kuogea. Safi alikuwa ameketi kitandani, tumbo limefungwa vizuri, nywele zimesukwa vizuri. Bibi Aziza hakumnyima kitu. Nyota alikuwa amelala kwenye mkeka, mbali kidogo.

Hapa inafaa kueleza jambo moja. Ndani ya arobaini mzazi halalamiki. Watu waliamini kwamba neno baya likitamkwa karibu na mtoto ambaye bado ni mgeni, linamshika yeye. Kwa hiyo mzazi akiulizwa hali, jibu ni moja, na analitoa kwa ajili ya mtoto wake.

"Habari ya uzazi?" aliuliza Florentine.

"Salama."

"Usingizi?"

"Salama."

"Chakula kinapita?"

"Salama."

"Maziwa? Mugongo? Kichwa?"

"Salama. Salama. Salama."

"Na kama paa la nyumba likituangukia sasa hivi?"

"Salama," alisema Safi, macho ukutani.

Florentine alijitupa juu ya kiti. Alijua kwamba akimlazimisha aseme, anamlazimisha amroge mtoto wake mwenyewe, na Safi asingelifanya hilo hata akatwe ulimi. Alitazama huku na huko, na macho yake yakaangukia mizani, aliyokuwa amekwisha kuitundika mlangoni kwa mazoea, na kitambaa kitupu kikining'inia kwenye ndoana.

Akaruka kama aliyekaa juu ya makaa.

"Bon! Usiseme. Sitaki useme hata neno. Njoo hapa." Alimvuta Safi kwa mkono mpaka mlangoni. "Leo sipimi mutoto. Leo napima mama. Siku yako ya leo, tangu umeamuka mpaka sasa, iko na uzito gani? Tafuta vitu humu ndani, weka kwenye kitambaa. Ikifanana na siku yako, acha."

Safi alimtazama kama mtu anayetazama kichaa. Lakini alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza macho yake kutoka ukutani.

Kulikuwa na ndizi za kupika pembeni ya mlango. Safi alichukua moja, akaitia kwenye kitambaa. Sindano ikasogea. Akachukua nyingine. Akasimama kidogo, akafikiri, kisha akabeba mkungu uliobaki wote akautia. Florentine aliziba mdomo wake mwenyewe kwa kiganja ili asiseme kitu. Safi alikwenda kitandani, akatoa lile jiwe ambalo Bibi Aziza alilipasha moto kila jioni kumkandia tumbo, akaliweka juu ya ndizi. Akatoka mpaka kwenye pazia la baraza, akanyoosha mkono, akachukua pasi iliyopoa, pasi kubwa ya chuma ya Feruzi. Feruzi aliuona mkono wa mkewe tu, na hakuthubutu kuuliza.

Pasi ikaingia. Boriti ikalia. Sindano ikawa karibu kabisa na mwisho.

Kisha Safi akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya mto na kutoa kitu kilichofungwa kwenye karatasi. Ilikuwa ile miche ya sabuni, haijaguswa na maji. Akaiweka juu ya vyote, taratibu, kwa mikono miwili. Sindano ikagonga mwisho wa uso wa mizani na kukwama hapo.

"Haijatosha," alisema Safi.

"Nini hii?"

Bibi Aziza alikuwa mlangoni na bakuli la uji. Aliona ndizi zake, jiwe lake, pasi ya mwanawe, vyote vikining'inia kama mzigo wa mchuuzi, na mkwewe amesimama mbele yake.

"Mama Kilo! Umeingia nyumba yangu kumufundisha huyu kulalamika ndani ya arobaini?"

"Hajasema neno, Mama Aziza! Muulize Feruzi, iko pale anasikiliza. Anasema salama, salama, mpaka mimi nimechoka. Mizani ndiyo imesema."

Bibi Aziza aliweka bakuli chini. Hakuwa mwanamke wa kudanganywa na chuma. Akaweka mikono yake miwili chini ya kitambaa na kukiinua, apate kuonja mwenyewe ule uzito. Alikaa hivyo, ameuinua, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Hii yote ni ya leo?" alimuuliza Safi.

Safi akaitikia kwa kichwa.

"Na jana?"

Safi akaitikia.

Bibi Aziza alitoa pasi. "Hii ni nini?" Aliuliza kwa sauti ile ile nene, lakini alikuwa ameishusha, kama mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala.

"Usingizi," alisema Safi. "Ninafunga macho, hauji."

Akatoa jiwe. "Na hii?"

"Ninaogopa nikimubeba nitamuangusha. Kila saa namuona anaanguka. Ndiyo maana namulaza mbali."

Florentine aliangalia mkeka, Nyota akiwa salama katikati, mbali na kingo zote. Kumbe kumlaza mbali kulikuwa kumlinda.

Bibi Aziza akatoa ndizi, moja moja, bila kuuliza, kisha akafika kwenye sabuni. "Na hizi?"

Safi alimtazama Florentine, kisha akatazama chini. "Mama Kilo alisema mimi ni mama muzuri. Nikaona, kama mama muzuri ni mimi hivi nilivyo, basi hakuna mutu atanisaidia."

Koko hakuwahi kusimulia sehemu hii akiwa anatembea. Ilikuwa sehemu pekee aliyoisimulia akiwa amekaa.

Bibi Aziza alikunja karatasi ya sabuni vizuri, akaitia yote mfukoni mwake. Kisha akamvuta Safi, akamkalisha kitandani, akakaa naye bega kwa bega. "Mimi nilijua haumupendi mutoto," alisema. "Nilijua hivyo kabisa. Kumbe nilikuwa naangalia kitu kingine." Halafu akageuka. "Mama Kilo, umesimama pale kama nguzo kwa nini? Kamuite yule kijana wako wa miwani!"

Évariste alikuja jasho likimtoka, hakuamini kama ameitwa. Bibi Aziza alimkalisha barazani na kumwachia pazia katikati, ili mzazi asionwe. Évariste aliuliza kupitia pazia, taratibu kama kawaida yake: usingizi, chakula, machozi, hofu. Aliuliza pia kama kuna saa Safi anawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto. Safi alijibu hapana, anaogopa tu kumwangusha. Na kwa kuwa kila swali Bibi Aziza alilikariri kwa sauti kubwa kutoka upande wa pili, majirani wawili walijibu pia mambo yao.

Évariste alisema atamleta daktari, na kabla ya hapo Safi asiachwe peke yake, apate kulala wakati wengine wanamshika Nyota, na Nyota awekwe mikononi mwake akiwa ameketi chini, mahali ambapo hakuna pa kuanguka. "Na mama yake mzazi," alimalizia. "Iko wapi?"

"Banalia," alisema Feruzi, na kabla hajamaliza neno alikuwa amesimama. "Lori! Mama, lile lori!"

"Lori ni la kumupeleka Safi," alisema Bibi Aziza.

"Si linaenda na kurudi?"

Wote wakacheka, hata Évariste. Kutoka nyuma ya pazia hakukusikika kicheko, lakini Florentine aliapa mpaka uzeeni kwamba alisikia pumzi ikitoka puani, ndefu, kama ya mtu anayetua mzigo.

Feruzi aliondoka na lori lile la bidhaa, ameketi juu ya magunia. Mvua ikanyesha, na ile barabara ya kaskazini ikawa tope. Florentine alipita nyumbani kwa Bibi Aziza kila siku, na kila siku aliuliza, "Wamefika?" na Bibi Aziza alijibu, "Wewe umewaona?" Siku ya karamu wali ulikuwa umepakuliwa, wageni wamekaa, mashehe wamekwisha soma dua, na Feruzi hayupo. Hapo lori likasikika kwenye kona, likipiga honi mfululizo, mafundi wa baiskeli wakilikimbilia. Juu yake, katikati ya mikungu ya ndizi, alikuwa ameketi mama yake Safi, mwenye tope mpaka magotini, ambaye hakungoja lisimame vizuri. Safi alitoka nje kwa mara ya kwanza tangu ajifungue. Hivyo ndivyo mzazi alivyotoka arobaini, ingawa si kwa utaratibu uliopangwa.

Haikuwa dawa ya siku moja. Daktari alikuja, akarudi. Mama yake Safi alikaa mpaka msimu ukageuka. Kila juma Florentine alitundika mizani, na kabla ya kumpima Nyota alimwachia Safi kitambaa kitupu. Pasi iliacha kuingia kwanza. Kuna juma ilirudi. Halafu ikaacha tena.

Wanawake wa mtaa walisikia, wakataka nao. Évariste alikubali, akasema tu kwamba ndizi haziwezi kuwa jibu. Ni mlango wa kuulizia. Basi Florentine akaanza kupima akina mama kila alikokwenda, na sabuni akampa kila mtu bila masharti. Wengine waliweka kitunguu kimoja, wakacheka, na kumwambia aendelee na safari. Félicité alitia kiatu cha mumewe.

"Kimoja tu?" aliuliza Florentine.

"Kingine amekivaa, yaya. Rudi jioni."

Ile sheria ya mikono mgongoni Florentine aliifuta. Na asubuhi moja, Nyota akiwa amenenepa na kuanza kushika vitu, alimfunga kitambaani kama siku zote, akamtia ndoanani na kumwachia. Kitambaa kiliyumba. Nyota akapiga ukelele. Safi alikuwa akizungumza na mama yake, uso ameugeuzia kando, na mkono wake ukaenda peke yake, bila yeye kuutazama, ukatua chini ya kitambaa.

Sindano ikaruka, ikacheza, ikakataa kabisa kutulia.

Florentine alijaribu kusoma uzito, akashindwa. Akajaribu tena.

"Toa mukono," alisema, lakini hakufoka.

"Pardon, Mama Kilo," alisema Safi, akauondoa. Ukarudi.

Uzito wa Nyota juma hilo haukujulikana. Mama Kilo alifungua mizani yake, akaifunga nyuma ya baiskeli, na mafundi wa kona waliomwona akipita walisema kwamba siku hiyo aliachia mikono yote miwili, akapiga makofi hewani, na baiskeli ikaenda yenyewe mpaka kwenye beseni la mtu.